Kofia ya Shaba ya Bonde la Oise

Treni ya abiria haifiki Guise siku hizi. Anayetoka Paris hupandia Gare du Nord, hushuka Saint-Quentin, kisha hutafuta basi au gari la kumvusha mashamba hadi mji huo mdogo ulio kando ya mto Oise. Mimi nilipata gari. Rafiki yangu mzaliwa wa Bukavu, aliyeoa na kutulia kaskazini mwa Ufaransa, alinipokea nje ya stesheni ya Saint-Quentin na kunihimiza nipande upesi, kwa kuwa mkwewe alikuwa ameagiza tusichelewe chakula cha mchana.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuitazama kofia. Mkwe wa rafiki yangu ni mzee aliyestaafu, na nyumbani kwake anatunza kofia ya shaba ya zimamoto aliyoiacha babu yake. Babu huyo hakuwa zimamoto wa serikali wala wa manispaa. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi, na kofia aliivaa katika kikosi cha zimamoto cha kiwanda hichohicho. Niliposimuliwa habari hiyo kwa simu sikuhitaji kubembelezwa. Baba yangu mdogo alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kwetu Tanzania. Kazi yake ilikuwa ufundi wa boila, ila king'ora kikilia alikuwa zimamoto, yeye na madereva wa matrekta, wapagazi wa ghala na karani mmoja wa stoo. Watu wa namna hiyo hawaandikwi. Wanaoandikwa ni wenye kiwanda na mashine zao. Kwa hiyo nilifunga safari kwa moyo mkunjufu, nikijua ninakwenda kuonana na ndugu wa baba mdogo, ingawa walikufa zamani na hawakuwahi kusikia habari za miwa.

Barabara ya kwenda Guise inapita Origny-Sainte-Benoite, na hapo ndipo nilipogutuka. Ilikuwa mwisho wa Septemba, msimu wa kuvuna biti za sukari umeanza, na pembeni mwa mashamba biti zilikuwa zimelundikwa vilima kwa vilima, bado zina udongo. Mbele yetu kiwanda kikubwa cha sukari kilikuwa kinatoa mvuke mweupe uliofunika nusu ya anga. Nilishusha kioo. Harufu si ile ya miwa, ina utamu uliochanganyika na udongo uliolowa, lakini joto lake na mngurumo wake ni uleule. Rafiki yangu alicheka kuniona nikivuta pumzi.

"Kaka, wageni wote hufunga vioo hapa."

"Mimi nimekulia ndani ya harufu hii," nikamjibu.

Mzee alitupokea mlangoni. Rafiki yangu humwita Papa, kama Wakongo wanavyowaita wazee wote wanaowaheshimu, nami nikafuata hivyo hivyo. Tulikula tarti ya jibini ya Maroilles, jibini ya huko kwao Thiérache, kali kwa harufu na laini mdomoni, na hakuna aliyegusia kofia mpaka sahani zilipoondolewa. Hapo Mzee akaingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye shuka kuukuu, akakiweka katikati ya meza na kukifungua kwa mikono miwili.

Umbo lake ni lile ambalo Wafaransa hulitambua kwa mwaka, modeli ya 1885. Mwili wake ni bati la shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na ni jembamba kuliko nilivyodhani. Juu, kutoka juu ya paji mpaka kisogoni, umesimama upanga wa shaba uliopambwa kwa majani yaliyochongeka vizuri, kama undu wa jogoo. Mbele kuna ukingo mfupi wa kuzuia maji na makaa yasimwangukie mtu usoni. Nyuma ukingo ni mrefu zaidi na umeinama kufunika shingo. Kila ubavu una kifungo cha duara, na kutoka kifungo hadi kifungo umepita mkanda wa kidevuni, ngozi iliyovikwa magamba ya shaba yanayopandiana ili mkanda ukunjike bila kuvunjika. Ubavu wa kushoto kuna kijibomba kidogo. Humo ndimo lilimochomekwa shada la manyoya siku za gwaride.

Bamba la mbele ndilo linalosema kofia ni ya nani. Katikati yake kuna kombora la duara linalowaka moto, alama iliyotokana na jeshi. Nyuma ya kombora mashoka mawili yamepishana, na matawi ya mwaloni na ya loreli yamezunguka pande zote mbili. Chini yake ndiko kuna utepe wa maandishi. Kofia nyingi za Ufaransa zina jina la mji au kijiji hapo. Hii ina jina la kiwanda. Familia iliniomba nisilitaje na nimeridhia, maana kiwanda chenyewe hakipo tena, na ukoo uliokuwa unakimiliki umetawanyika. Herufi za utepe zinasomeka kwa kidole kuliko kwa macho. Mashoka yamelainika, na miali ya lile kombora imebaki michirizi tu. Si moto uliofanya hivyo. Ni kitambaa na dawa ya kung'arishia, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka mingi ya ujana wa yule babu.

"Vaa," Mzee aliniambia.

Niliiinua. Uzito wake ni kama kilo moja. Ndani palikuwa na kikapu cha ngozi kilichokatwa ndimi ndimi na kufungwa kwa kamba, ili kichwa kisigusane na shaba. Sasa zimebaki ndimi chache tu, ngumu na kavu. Nilipoivaa shaba baridi ilinigusa utosini, na Mzee akaigonga taratibu kwa ukucha. Mlio ulijaa masikioni mwangu na kukawia kuondoka. Nikawaza jinsi ilivyokuwa pale ghorofa linapoungua, maji yanapopiga dari, vipande vya mbao vinapodondoka juu ya shaba hiyo, na mtu anatakiwa asikie amri ya mkuu wake katikati ya hayo yote.

Nilipoivua ndipo nikaona kwamba upande mmoja, kuanzia ukingo wa nyuma hadi karibu na upanga, shaba imekuwa ya kijani na ina vishimo vidogo vidogo. Mkono wa mtu haukuwahi kuusugua upande ule. Nikamwomba rafiki yangu aniulizie.

Mzee alikunja mikono. "Huo ni wakati ilipokuwa ardhini," alisema.

Ili msomaji aelewe jibu hilo, inafaa ajue mambo mawili kuhusu sehemu ile ya Ufaransa. La kwanza ni viwanda. Saint-Quentin na mabonde yake yaliishi kwa nyuzi na vitambaa katika karne ya 19, na kiwanda cha kusokota pamba kilikuwa mahali pa hatari kubwa ya moto. Nyuzi laini huruka hewani na kujilaza juu ya kila kitu. Mafuta ya kulainishia mihimili hudondoka na kunywewa na sakafu za mbao. Majira ya baridi giza huingia mapema, na taa za gesi au za mafuta ziliwashwa mchana. Beringi moja ikipata moto, ghorofa zima linaweza kuwaka kabla mtu hajamaliza kushuka ngazi. Zimamoto wa mji walikuwa watu wa kujitolea, seremala, mwokaji mikate, fundi viatu, na walipaswa kwanza waache kazi zao, wakusanyike, ndipo waikokote pampu ya mkono hadi huko. Kiwandani kulikuwa tayari na wanaume wengi, maji ya mto, kengele, na mafundi waliojua kila mlango na kila valvu. Ndiyo maana wenye viwanda waliunda vikosi vyao wenyewe, wakanunua pampu na kofia, na kuwateua wafanyakazi wa kuzivaa.

Umbo la kofia waliliazima kwa zimamoto wa Paris. Usiku wa tarehe 1 Julai 1810 balozi wa Austria, Schwarzenberg, alifanya dansi kubwa kusherehekea ndoa ya Napoleon na Marie-Louise. Ukumbi wa muda uliojengwa kwa mbao kwenye bustani ya ubalozi ukashika moto na watu wakafa, akiwemo shemeji ya balozi. Napoleon alikuwepo. Mwaka uliofuata, kwa amri ya tarehe 18 Septemba 1811, aliwafanya zimamoto wa Paris kuwa batalioni ya jeshi, na mpaka leo zimamoto wa Paris ni wanajeshi. Kombora lile la moto lililo kwenye bamba lina asili hiyo ya kijeshi. Hata London ilifuata mtindo huo. Mkuu wa zimamoto wa huko, Eyre Massey Shaw, alizipenda kofia za Paris alipoziona, na katika miaka ya 1860 akawavisha watu wake shaba. London ilikuja kuziacha mwaka 1936, kwa sababu shaba hupitisha umeme na nyumba zilikuwa zimejaa nyaya.

La pili ni vita. Tarehe 29 Agosti 1914 majeshi ya Ufaransa na Ujerumani yalipigana Guise penyewe. Wafaransa wakarudi nyuma, na bonde lote likabaki chini ya Wajerumani kwa miaka minne. Mzee alitukumbusha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: askari wa Ufaransa waliopita mbele ya nyumba ya babu yake wiki ile walikuwa wamevaa kepi za kitambaa. Jeshi halikuwa na kofia ngumu ya kuwapa. Msokota nyuzi wa kiwandani alikuwa nayo, askari hakuwa nayo. Mwaka 1915 tu ndipo ilipotoka kofia ya chuma iliyobuniwa na Auguste-Louis Adrian, na ukiitazama, ukauona upanga wake mdogo wa juu na kingo zake mbili, utaiona kofia ya zimamoto ndani yake. Baadaye deni lililipwa, kwa kuwa kofia ya zimamoto ya modeli ya 1933 ilichukua umbo la ile ya Adrian.

Wajerumani walihitaji shaba kwa maganda ya risasi na mizinga. Katika maeneo waliyoyakalia walikusanya sufuria, vitasa vya milango, mabirika, kengele za makanisa. Mashine za viwanda vya Saint-Quentin ziling'olewa au kuvunjwavunjwa, na mwaka 1917 wakazi wa mji huo walihamishwa wote kwa kuwa ulikuwa kwenye mstari wa mbele wa vita. Katika hali hiyo, kofia ya shaba ya kilo moja ilikuwa mali ya kutwaliwa, na aliyeificha alijitia hatarini.

"Babu aliichimbia shimo bandani, chini ya kuni," Mzee alieleza, akionyesha kwa kiganja jinsi ilivyolazwa kwa ubavu. "Hakumwambia hata bibi. Vita vilipokwisha aliifukua. Kiwanda kilikuwa magofu. Pampu hakuna. Wenzake wengine hawakurudi kutoka vitani. Kofia ikabaki kwake, maana hapakuwa na mtu wa kumrudishia."

Rafiki yangu alitafsiri sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini. Kofia ilikuwa mali ya kiwanda. Zimamoto alikabidhiwa, akaivaa, na alipoacha kazi aliirudisha avae mwingine. Babu huyu alihatarisha maisha yake kuokoa mali ya tajiri ambaye hakuwepo, na hakuna aliyemtuma. Nilimuuliza Mzee kama aliwahi kumsikia babu yake akieleza sababu. Alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba babu alikuwa mtu wa maneno machache, ila aliwahi kusema kwamba kofia ile ndiyo kitu pekee kiwandani kilichokuwa kinamtosha yeye.

Nimelitafakari sana jibu hilo. Wako wanaoandika kwamba vikosi vya viwanda vilikuwa ujanja wa matajiri: mtu anapewa kofia inayong'aa, anaandamana nayo siku ya Mtakatifu Barbara, tarehe 4 Desemba, msimamizi wa zimamoto na wachimba migodi, na kwa fahari hiyo analinda mali isiyo yake bila kudai nyongeza. Hoja hiyo ina ukweli. Mwenye kiwanda alipata walinzi wanaolala karibu na mali yake kwa bei ya mabati ya shaba. Lakini wanaosema hivyo humwona mfanyakazi kama mtu asiyejua anachofanya, na hapo nakataa. Kiwanda kikiungua usiku, asubuhi mamia ya watu hawana kazi, na msimu wa baridi unakuja. Baba yangu mdogo alipoulizwa na mke wake kwa nini anakimbilia moto wa watu, alijibu kwamba anakimbilia mshahara wake. Yule msokota nyuzi alijua hivyo hivyo. Alilinda chakula cha nyumba yake na cha nyumba za jirani, na alikuwa tayari kuingia palipokuwa panawaka. Tajiri kufaidika hakuondoi ushujaa wa mtu huyo.

Kisha Mzee akavaa koti. Kulikuwa na mahali alitaka tupaone kwa miguu, na hapo ndipo alipozaliwa yeye: Familistère.

Wasomaji wengi watakuwa hawajasikia jina hilo, ingawa nadhani ni miongoni mwa majengo ya kustaajabisha zaidi yaliyojengwa Ulaya kwa ajili ya wafanyakazi. Jean-Baptiste André Godin alizaliwa mwaka 1817 katika kijiji cha Esquéhéries, si mbali na Guise, mtoto wa fundi makufuli. Mwaka 1840 alipata hataza ya jiko la chuma cha kusubu, akahamia Guise mwaka 1846, na majiko yake yakamtajirisha. Fedha alizitumia kujenga kile alichokiita jumba la jamii, matofali mekundu, mabawa matatu makubwa yaliyojengwa kwa awamu kuanzia 1859. Kila bawa lina ua wa ndani uliofunikwa kwa paa la vioo, na nyumba za wafanyakazi zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa kuuzunguka ua huo, milango ikifungukia kwenye roshani. Kulikuwa na shule, chumba cha kulelea watoto wachanga, maduka, ukumbi wa tamthilia uliojengwa mbele ya jumba, na bwawa la kuogelea lenye sakafu ya kupanda na kushuka, ili watoto wajifunze kuogelea bila hofu, likipata maji ya moto kutoka kiwandani.

Tuliingia ua wa bawa la kati, lililojengwa kati ya 1862 na 1865. Mwanga ulishuka kutoka juu ukienea sawasawa hadi chini. Mzee alisimama katikati, akanyoosha fimbo yake kuelekea roshani ya ghorofa ya pili, akasema mama yake alikuwa akimwita kutoka pale, na sauti yake ilisikika kwa watu wote. Mimi nilitazama juu nikiwaza kitu kingine: mamia ya watu chini ya dari moja, majiko ya makaa katika kila nyumba, taa za gesi kwenye roshani. Mahali hapa pangeweza kuteketea. Godin aliliona hilo. Maji yalipandishwa kwa mashine hadi matangi ya juu, kila ghorofa likawa na bomba lake, na jumba pamoja na kiwanda vilikuwa na kikosi chao cha zimamoto, wafanyakazi wenyewe, walioandamana na bendi ya muziki kwenye sikukuu za jumba. Sikukuu kubwa ilikuwa ya Kazi, iliyoadhimishwa Mei tangu 1867, miaka mingi kabla Mei Mosi haijawa siku ya wafanyakazi duniani. Kiwanda kilichouza majiko, yaani kilichoishi kwa kuufungia moto ndani ya chuma, kilijua vizuri moto ukiponyoka hufanya nini.

Hapa ndipo kofia ya mezani kwa Mzee ilipopata maana nyingine kwangu. Mwaka 1880 Godin aliunda ushirika wa mtaji na kazi, na hatua kwa hatua umiliki wa kiwanda na jumba ukahamia kwa wafanyakazi, kwa hisa walizopata kutokana na faida. Si wote walikuwa sawa. Kulikuwa na madaraja ya uanachama, na wa daraja la chini, vibarua wasaidizi, hawakupata hisa kabisa. Hata hivyo, zimamoto wa Guise aliyekuwa mwanachama kamili alipovaa kofia yake usiku aliilinda nyumba yake, shule ya mwanawe na kiwanda ambacho sehemu yake aliimiliki. Umbali kutoka hapo hadi kiwanda cha babu yake Mzee ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kofia ni zilezile, shaba ileile, kombora na mashoka yaleyale. Hatari ni ileile. Tofauti iko kwa mwenye mali. Mimi naamini mtu anayetakiwa kuuendea moto ana haki ya kuwa na sehemu katika kile anachokiokoa, na Guise ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa miaka mingi. Ushirika ulidumu hadi 1968.

Vita haikulionea huruma jumba hilo. Bawa la kushoto, lililokuwa la kwanza kujengwa, liliungua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na likajengwa upya miaka ya 1920 kwa sura iliyobadilika kidogo. Mzee alitupeleka nje tulitazame. Moto ule haukuwa wa pampu za mkono.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Amiens, ambako vuli na machipuko mji mzima hugeuka soko la vitu vya zamani. Meza zinaanza kupangwa alfajiri, watu wanatembea na tochi. Kofia za zimamoto zilikuwepo, za 1885 na za 1933, zimepangwa safu kwenye vitambaa vyekundu, zimesuguliwa zikawa kama zimetoka dukani. Nilisimama mbele ya moja yenye jina la kiwanda kwenye utepe wake. Muuzaji, mtu mwema na mwenye subira, alinieleza yote aliyoyajua: modeli, hali ya mkanda, magamba mawili yaliyobadilishwa, kwamba za viwanda ni adimu kuliko za miji na ndiyo sababu ya bei. Nikamuuliza ilivaliwa na nani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema hawezi kujua, aliinunua kwenye mnada wa mali ya marehemu pamoja na saa ya ukutani na sahani.

Hakuna kosa alilofanya. Kofia ile ilitoka kwenye nyumba ambamo pengine bado kulikuwa na mtu mmoja aliyelijua jina, na hakuna aliyemuuliza siku ile vitu vilipobebwa. Baada ya hapo jina hilo halipatikani tena. Orodha za wafanyakazi wa viwanda vingi vya kaskazini ziliungua au zilipotea vitani, na bamba la mbele halitaji mtu, linataja mali.

Nilimwandikia Mzee barua kupitia kwa rafiki yangu, nikamwomba mambo mawili. Kwanza, ule upande wa kijani usisuguliwe, hata kama mjukuu atakuja na chupa ya Brasso kwa nia njema, kwa kuwa ule ndio ushahidi wa miaka minne chini ya kuni. Pili, aandike kwenye karatasi jina la babu yake, mwaka aliozaliwa, kazi aliyofanya kiwandani na mahali kofia ilipofukiwa, na karatasi hiyo ikae pamoja na kofia popote itakapokwenda. Ameshaandika. Rafiki yangu alinitumia picha ya karatasi hiyo, mwandiko wa kishule, wino wa buluu.

Nawe msomaji, kama katika ukoo wako yupo aliyekuwa zimamoto wa kiwanda, wa bandari, wa reli au wa shamba la mkonge, na imebaki kofia yake, filimbi, shoka au hata beji, fanya hivyo hivyo wiki hii. Andika jina lake, andika kiwanda, andika moto aliouzima kama yupo anayeukumbuka. Usingoje kuulizwa na mtu wa makumbusho. Waulize wazee wakiwa hai, kisha ukihifadhi kitu na karatasi yake pamoja.